Mipopla ya Ghent: Promota Ndiyo Iliyoharibu Kazi

Nianze na promota, ile swichi ya DNA inayoamua jeni iwake wapi, maana ndiyo inayonikera. Mnaikumbuka mipopla ya VIB, taasisi ya bioteknolojia, pale Ghent: walipunguza nguvu ya CCR, jeni ya kutengeneza lignini inayokaza kuta za seli za mti, wakishirikiana na wenzao wa Ufaransa, wakapanda shambani Ubelgiji na Ufaransa, na matokeo ya mavuno ya miezi 20 yakatoka mwaka 2014. Kazi ya shamba ilikuwa safi, na kibali cha Ghent chenyewe kilipiganiwa hadi mahakamani. Lakini kuzimwa kwa jeni ile kuliendeshwa na 35S, promota ya kirusi cha mosaiki ya koliflawa, inayofanya kazi karibu kila sehemu ya mmea. Hapo ndipo walipokosea, na hakuna asilimia ya kufunika kosa hilo.

Tazameni ndani ya shina. Kwenye mishipa ya maji, lignini ndiyo inayozuia kuta zisibonyee majani yanapovuta maji kutoka mizizini. Ondoa CCR humo, mishipa inasinyaa na mti unadumaa. Kwenye nyuzi za ubao, upungufu uleule mti ungeweza kuustahimili. Promota isiyochagua ikaviadhibu vyote viwili, kama mtu anayekata umeme wa mtaa mzima ili azime taa ya chumba kimoja.

Na hata huko kuzima hakukwenda sawasawa. Ubao ulitoka na mabaka: huku mwekundu kama divai, pembeni yake mweupe kama mpopla wa kawaida, kwenye shina lilelile. Ilibidi watafiti wapange sampuli kwa kadiri ya wekundu wake. Ulipochachushwa, ubao ulioathirika zaidi ulitoa ethanoli ya ziada hadi asilimia 161, na namba hiyo ndiyo iliyoshangiliwa. Walipochanganya mavuno yote, pamoja na magome na miti ambayo jeni haikuzimika vizuri, ziada ikashuka hadi karibu asilimia 20. Tena hiyo ni kwa uzito, kabla hatujagusa udogo wa miti yenyewe. Nimelisema hili kwenye safu hii na nitaendelea kulisema: nipeni hesabu ya hekta, si ya gramu.

Kwa sisi tunaotaka kemikali kutoka kwenye pairolisisi, hasara ni kubwa zaidi. Kwenye tanuri la nyuzi joto 500 bila oksijeni, shina lenye ubao wa aina mbili linatoa mvuke wenye mchanganyiko mpana zaidi, na gharama yote iko kwenye kuutenganisha. Mti mdogo nao una gome jingi kwa uzito wake, gome lina majivu, na majivu yana potasiamu. Potasiamu hiyo huvuruga selulosi inapovunjika, levoglukosani, kemikali ya selulosi tunayoitafuta, ikapungua, yakabaki maji, gesi na mkaa.

Somo la promota halikuwa siri. Clint Chapple na wenzake wa Purdue walilitoa mwaka 1998 kwa F5H, jeni inayosukuma lignini kuelekea aina ya siringili, kwenye arabidopsisi, mmea mdogo wa maabara. Walipotumia 35S, mabadiliko yalikuwa nusunusu. Walipohamia promota ya C4H, jeni nyingine ya njia ya lignini, inayowaka kwenye seli zinazotengeneza lignini, siringili ikatawala karibu lignini yote; baadaye mipopla ikafuata njia hiyohiyo na kuvuka asilimia 90. Chapple hakutaka lignini ipungue, alitaka ibadilike aina. Siringili ina kundi la methoksi kwenye kaboni ya tano, mahali ambapo guayasili, aina nyingine ya lignini, hujifungia kwa vifungo vya kaboni kwa kaboni. Kwa hiyo vifungo vingi vinabaki kuwa vya etha, ambavyo joto huvikata kwa urahisi, na mvuke unaelemea upande wa jamii ya siringoli, fenoli zinazotokana na siringili. Huyo ndiye aliyefikiria kama mtu wa tanuri, hata kama tanuri halikuwa lengo lake.

Na kabla yake kulikuwa na mwanakemia Karl von Reichenbach wa Blansko, Moravia. Mwaka 1832 alipata kreosoti kwenye lami ya mti wa biichi, na kutoka lami hiyohiyo akatoa rangi ya buluu ya pitakali. Alikwenda kwenye lami akitafuta kilichomo. Vijana wa leo wanaingia msituni wakiwa na hamu ya kuipunguza lignini kwanza, halafu ndipo waulize ilikuwa na faida gani.

Ghent wamejirekebisha, na ni haki kulisema: mwaka 2018 walirudisha CCR kwenye mishipa peke yake ya arabidopsisi iliyoikosa, na ukuaji ukarejea, na mwaka 2020 wakatoa mpopla uliohaririwa kwa CRISPR, nakala moja ya CCR2, jeni ya CCR ya mpopla, imekufa na nyingine imedhoofishwa tu, lignini chini kwa karibu asilimia 10 bila mti kudumaa. Lakini wakaupima tena kwa glukosi! Mpopla huo upelekwe tanurini pamoja na ule wa F5H, magome yaondolewe, mvuke upimwe kwa kila kemikali, kisha tuonyeshwe kilo za siringoli na za levoglukosani kwa hekta.