Kisima cha Askofu Juu ya Madhabahu

Huenda umewahi kusikia mahubiri juu ya mafundi wa makanisa ya kale ya Ulaya, kwamba walichonga mawe ya darini kwa uangalifu mkubwa, mahali ambapo jicho la mwanadamu halifiki, kwa sababu Mungu anaona. Mfano huo nimeuhubiri mimi mwenyewe zaidi ya mara moja. Lakini mawe ya Kanisa Kuu la Norwich, Uingereza, yananilazimu kuusahihisha.

Mwaka 1463 radi ilipiga mnara wa kanisa hilo, na moto ukateketeza paa la mbao. Askofu Walter Lyhart akajenga dari la mawe, lenye mbavu zinazopishana kama matawi. Pale mbavu zinapokutana pana jiwe la kuzifunga pamoja, na uso wake wa chini umechongwa picha. Kanisa zima lina mawe ya namna hiyo zaidi ya 1,000.

Juu ya mahali pa waumini mawe hayo yamepangwa kama Biblia. Upande wa mashariki ni Agano la Kale, kuanzia uumbaji. Upande wa magharibi ni Agano Jipya, mpaka Hukumu ya Mwisho. Nuhu yumo na safina yake. Farao anazama na gari lake katika maji yaliyopakwa rangi nyekundu kabisa, maana mchongaji aliichukua Bahari ya Shamu kwa jina lake la Kiingereza, Bahari Nyekundu. Huyu ni mwalimu mzuri wa Sunday school: mtoto hamsahau Farao yule.

Basi hiyo si kazi ya sirini. Rangi na dhahabu hupakwa ili watu waone.

Sasa sogea mpaka sehemu ya madhabahu. Dari lake lilijengwa na askofu aliyefuata, James Goldwell, ambaye jina lake kwa Kiingereza husikika kama "kisima cha dhahabu". Hapo picha ya kisima cha dhahabu inarudiwa jiwe baada ya jiwe. Ufundi ni ule ule, lakini hadithi imekwisha. Mbele, waumini wanasimuliwa matendo ya Mungu. Juu ya Meza ya Bwana wanasomewa jina la askofu. Kwangu dari hili la pili ni dhaifu, hata kama dhahabu yake inang'aa zaidi.

Kwa nini jambo hili litusumbue? Kwa sababu mfano wa fundi asiyeonekana huwapendeza hasa sisi ambao majina yetu yako kwenye jiwe la msingi. Tunamwambia mama anayefagia kanisa kila Jumamosi kwamba Mungu anamwona, na hilo ni kweli. Lakini katika Mathayo 6 Bwana Yesu aliwaonya wanaopenda kuonekana. Hakuwapa wakubwa neno la kuwanyamazishia wadogo.

Hata hivyo dari halijaanguka. Jiwe lenye kisima linafunga mbavu sawasawa na jiwe lenye Nuhu. Mungu hulishikilia kanisa lake hata kwa watumishi wanaojipenda, na hiyo ni neema. Tusiigeuze kuwa ruhusa ya kuandika majina yetu juu ya madhabahu.