Mkono wa Kuhesabu Matone

Mtu akitoka chumba cha upasuaji humshukuru aliyempasua. Aliyemlaza na kumwamsha hamkumbuki hata sura, kwa sababu walipoonana mara ya kwanza hofu ilikuwa imemjaa, na mara ya pili alikuwa bado anaweweseka. Kazi ya usingizi ikifanyika vizuri, aliyefanyiwa hana la kusimulia. Sifa zake inabidi zisemwe na mtu wa pembeni, basi leo nizisemee mimi.

Chukulia mahali kama Ngerengere, mkoani Morogoro. Reli ya kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 inapita hapo, na reli mpya ya umeme, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina stesheni hapo, katikati ya Ruvu na Morogoro. Wengine wanaifahamu kwa kambi ya jeshi la anga, wazee kwa mashamba ya mkonge. Mto wenye jina hilohilo unateremka kutoka Uluguru, unajaza Bwawa la Mindu, kisha unashika uwanda kwenda kuungana na mto Ruvu. Ni nchi ya wakulima, wafugaji na bodaboda, na majeraha yake ni ya huko: panga lililoteleza, mguu uliovunjikia barabarani, mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, mama ambaye uchungu umemkwama saa nane za usiku. Treni ya umeme ina mbio kweli, lakini uchungu haungoji ratiba ya treni.

Sehemu kama hizi, anayetoa usingizi mara nyingi si daktari bingwa. Ni muuguzi au tabibu aliyeisomea kazi hiyo kwa muda mfupi. Mkoa wa Morogoro una historia yake katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2009, kituo cha mafunzo cha TTCIH pale Ifakara kiliwachukua wauguzi wakunga na matabibu wa vijijini, kikawafundisha kutoa usingizi kwa miezi mitatu, ili mama afanyiwe upasuaji karibu na kwao badala ya kusafirishwa usiku kucha. Miezi mitatu ni kidogo, tukubali. Kinachonistaajabisha ni kile ambacho mikono hiyo hujifunza baadaye, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, pamoja na dawa ambayo wauguzi hawa hawataki kuikosa kabatini: ketamini.

Tumtazame mmoja akiwa kazini. Kabla hajagusa sindano anamuuliza mgonjwa: umekula saa ngapi? Una presha? Uliwahi kuanguka kifafa? Kuna ndugu aliyewahi kuugua akili? Anamsikiliza kifua, anamwambia afungue mdomo, anaangalia meno. Mashine ya kufyonza mate anaijaribu kwa kidole chake mwenyewe, na ile ya kukanyaga kwa mguu iko chini ya kitanda, maana umeme nao una mambo yake. Mfuko wa kupumulishia uko karibu na kichwa cha mgonjwa, si kabatini. Hapo ndipo anavuta dawa. Kichupa ni cha mililita 10, kila mililita ina miligramu 50. Mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya miligramu 60 na 120 ili alale, kwa hiyo kilichomo kwenye sindano ni kidogo sana kwa macho. Anabandika plasta juu ya bomba na kuandika jina la dawa kwa kalamu. Pembeni ameweka atropini, kwa kuwa ketamini hujaza mate mdomoni.

Kisha anaiweka sindano mezani na kuanza kuongea. Mimi sehemu hii naiona ndiyo ufundi wenyewe. Anasogea upande ambao mgonjwa anamwona bila kugeuza shingo. Anamwamkia, kama mgonjwa ni mkubwa wake. “Mama, nitakuchoma dawa kwenye huu mshipa. Utajiona kama unaelea, na huenda ukaona vitu vya ajabu. Usiogope, mimi siondoki hapa. Sasa hebu niambie, kwenu kuzuri wapi?” Mama atasema Kinole, kwenye migomba ya bibi yake. “Basi twende Kinole.” Si maneno ya kupoteza muda. Wataalamu wa ketamini wanajua siku nyingi kwamba mtu aliyelazwa akiwa ametulia na amekwisha kuelezwa yatakayomkuta huamka vizuri zaidi kuliko aliyelazwa akiwa na hofu.

Dawa inasukumwa polepole, dakika nzima kwa saa ya ukutani. Ukiisukuma kwa haraka unaweza kumkatisha pumzi. Dakika haijaisha, mgonjwa ameshaondoka, ila si kwa namna tuliyoizoea. Macho yako wazi, yanacheza huku na huku kama ya mtu anayesoma gazeti. Anapumua mwenyewe. Taya halikulegea. Presha haikushuka, pengine imepanda. Mjomba wake akichungulia mlangoni atadhani mpwa wake yuko macho na anakatwa hivihivi, na ndiyo maana ndugu hawaachwi wakachungulia. Mama hasikii kitu. Ubongo wake umetengwa na mwili kwa dakika 10 hadi 20.

Katika dakika hizo muuguzi hana kazi ya kuonekana. Mkono mmoja uko kidevuni, wa pili kwenye mapigo ya moyo. Kidole cha mgonjwa kikitikisika, au machozi yakianza kulengalenga, anajua dawa inaishia, na anaongeza kiasi kidogo kabla mpasuaji hajalalamika. Mpasuaji mzuri atafanya kazi yake bila kujua kwamba kuna dakika iliyookolewa nyuma yake.

Dawa hii ilitengenezwa na Calvin Stevens mwaka 1962 kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis ya Marekani. Mwaka 1964 Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza, kwa wafungwa wa gereza la Jackson, Michigan, jambo ambalo kamati ya maadili ya leo ingelikataa mlangoni. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1970, ikapitia vita vya Vietnam, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya wanaoitumia kama kilevi. Pendekezo hilo lilisimamishwa baada ya watu wa upasuaji kupaza sauti: ketamini ikifungiwa, chumba cha upasuaji cha kijijini nacho kimefungwa. Kenya, katika Hospitali ya Sagam upande wa magharibi, mwaka 2013 ulianza mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio wataalamu wa usingizi kuitumia pale tu ambapo upasuaji ni wa haraka na mtaalamu hayupo. Hata hapo msisitizo ulikuwa ni huohuo: orodha ya kukagua, mkono wa taratibu, macho kwa mgonjwa.

Kuamka nako kuna ufundi wake. Asiyejua atampiga mgonjwa makofi mashavuni na kumwita kwa sauti. Anayejua anapunguza mwanga, anamfunika, anazuia beseni zisigonganishwe, anamwacha arudi kwa mwendo wake. Wengine hurudi wakicheka, wengine wakilia, wengine wakimwita marehemu. Akianza kuhangaika sana hupewa diazepamu kidogo. Kwa miaka mingi vituko hivi vya kuamka vilihesabiwa kuwa ndiyo kasoro ya ketamini, kitu cha kuvumiliwa kwa sababu dawa ni salama na bei yake ni nafuu.

Halafu mwaka 2000 madaktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo madogo mno kwa idadi: wagonjwa 7 wa sonona, waliopewa ketamini kwa dripu, nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kwa dakika 40. Hicho ni kiasi kisichomlaza mtu. Hali zao zilianza kunyanyuka katika saa chache hadi siku tatu, wakati vidonge vya kawaida huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake walirudia kwa wagonjwa 18 ambao dawa nyingine ziliwashinda. Wengi wao walipata nafuu ndani ya siku moja. Dawa hii huziba vipokezi fulani vya ubongo vinavyoitwa NMDA, na inaelekea kwamba hatua hiyo huzisaidia seli za ubongo kuunganika upya. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu ndugu yake, esketamini, ya kupuliza puani, na bei yake si ya watu wa kawaida. Ndiyo maana napenda zaidi jaribio la Australia la mwaka 2023, lililoongozwa na Colleen Loo: ketamini ya kawaida, ya kichupa, ikichomwa chini ya ngozi mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Waliopandishiwa kipimo kulingana na hali zao, karibu mmoja kati ya watano aliondokewa na dalili. Kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, ilikuwa watu wawili tu katika mia. Si muujiza. Lakini kwa watu walioshindikana kwa dawa nyingine, mmoja kati ya watano si haba.

Hebu sasa tufanye hesabu kwa vifaa vyetu. Kwa dripu ile ya Yale, mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 30 tu, yaani kidogo kupita nusu mililita ya kichupa kilekile. Kliniki za nje zina pampu inayosukuma dawa kwa kipimo. Hatuna pampu? Changanya katika dripu ya mililita 100. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo dakika 40 zinataka matone 50 kwa dakika. Muuguzi anaisogeza saa yake karibu na mahali matone yanapodondokea, anahesabu sekunde 15, anatafuta 12 au 13, anarudisha kidogo lile gurudumu dogo la mrija, anahesabu tena. Anapima presha kila baada ya dakika chache kwa sababu ketamini huipandisha. Yuko pale pale, upande ambao mgonjwa anamwona, amekwisha kumwambia kwamba ataelea. Baada ya hapo mgonjwa anakaa chini ya uangalizi kwa saa mbili hivi, haendeshi pikipiki siku hiyo, anarudi kwao na ndugu.

Kila kitu katika dakika hizo 40 muuguzi wa usingizi tayari anakijua. Kuhesabu matone anajua. Kuongea na mtu aliye kati ya kuwepo na kutokuwepo ndiyo kazi yake ya kila siku. Watu wakizungumzia tiba hii wanafikiria mashine na majengo ya vioo, na nadhani wanakosea pa kuangalia.

Kinachokosekana kiko kabla ya dripu na baada yake. Kabla, anatakiwa mtaalamu wa akili wa kusema huyu ana sonona kweli, dawa nyingine zimejaribiwa ipasavyo, hana ugonjwa wa kusikia sauti ambao ketamini itauchochea, na presha yake imedhibitiwa. Baada ya hapo, anatakiwa mtu wa kumfuatilia, kwa kuwa nafuu ya dripu moja hudumu siku, pengine wiki, kisha huisha. Dripu hurudiwa, vidonge huendelea, na mazungumzo huendelea. Lutindi kule Usambara imekuwa ikiwahifadhi wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na Mirembe ya Dodoma tangu 1927, lakini wataalamu wa akili hadi leo ni wachache, na hukaa mijini. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, ketamini bado imewekwa upande wa dawa za usingizi. Upande wa sonona zimo amitriptilini na fluoksetini, na hizo ndizo za kuanza nazo.

Dawa hii ina upande wake mbaya, na mtoa usingizi mzuri huwa wa kwanza kuusema. Anayeitumia mara kwa mara kama kilevi anaweza kuharibu kibofu hadi akojoe damu. Muigizaji Matthew Perry alifariki Oktoba 2023 nyumbani kwake, na uchunguzi ukaonyesha ketamini kuwa chanzo kikuu. Alikuwa kwenye maji, bila wa kumtazama. Kipimo peke yake hakimlindi mtu. Anayemlinda ni yule aliyekaa kando ya kitanda.

Maoni yangu ni haya: siku tiba hii itakapoletwa rasmi katika hospitali za mikoa, isianzishwe na wauzaji wa dawa ya puani. Waitwe kwanza wauguzi wa usingizi, wakae meza moja na wa afya ya akili, waulizwe wanafanyaje. Wanajua mengi ambayo hayajawahi kuandikwa popote.

Na wewe unayesoma, kama una ndugu aliyenyamaza siku nyingi, asiyelala, asiyekula, anayesema hana faida duniani, usimwache peke yake na usimtafutie ketamini mitaani. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe leo, na uwaombe barua ya rufaa ya kwenda kwa daktari wa akili.