Walikwenda Wapi Watu wa Musoma Vijijini?

Mpe mwanachuo wa mwaka wa kwanza swali hili: idadi ya watu katika Wilaya ya Musoma Vijijini iliongezeka au ilipungua kati ya sensa ya 2002 na ya 2012? Atawasha bando, na dakika tano hazijapita atakuwa na namba mbili mkononi. Mwaka 2002, zaidi ya watu 300,000. Mwaka 2012, watu 178,356. Ataandika kwamba idadi ilishuka kwa zaidi ya theluthi moja, kisha ataanza kusaka sababu: pengine ukame, pengine samaki wameadimika ziwani, pengine vijana wamekimbilia Mwanza. Ripoti itasomeka vizuri, na namba zote mbili ni sahihi. Hitimisho ndilo limepotoka.

Wilaya ya Butiama ilizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Musoma Vijijini. Watu walibaki majumbani mwao, mpaka ndio uliohama. Katika majedwali yaleyale ya sensa ya 2012, Butiama ina watu 241,732. Jumlisha na wale 178,356, unapata 420,088. Idadi iliongezeka, tena sana.

Nimechagua kosa hili kwa sababu aliyelifanya hakuwa mvivu. Hakudesa, wala hakwenda steshenari kununua ripoti ya mwenzake wa mwaka jana. Alitafuta mwenyewe na akapata. Kwa hiyo tukitaka kujua ujuzi wa kutafuta na kupima taarifa unafundishwaje, tuanze kwake: alikosea hatua ipi?

Hatua ya kwanza ni maneno ya kutafutia, na majina ya mkoa wetu wa Mara yana mitego. Andika "Mara" peke yake, utaletewa neno la Kiswahili la kila siku, mto unaotoka Kenya na kuingia Ziwa Victoria, na mbuga ya Maasai Mara, kabla hujaufikia mkoa. Andika "Bunda" na "kilimo" kwa Kiingereza, utapata tafiti za mahindi na udongo zilizofanywa na chuo cha Bunda kilicho karibu na Lilongwe, Malawi. Mwanachuo asiyesoma kwa makini anaweza kunukuu hali ya udongo wa Malawi akidhani anazungumzia shamba la jirani yake. Dawa yake inafundishika kwa nusu saa: ongeza jina la mkoa na la nchi, funga jina kamili kwa alama za nukuu, weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, kama vile -Malawi. Anayetafuta habari za muhogo atafute pia kwa jina la kisayansi, Manihot esculenta, maana ndilo watafiti wa lugha zote wanalolitumia. Mvuvi wa Musoma hatumii wavu mmoja kwa dagaa na sangara, na mtafutaji naye achague wavu kulingana na anachokivua.

Hatua ya pili ni kutoka kwenye ukurasa. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaangalia watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa ukweli 10 wa vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki kwenye tovuti ileile wakipima nembo, mpangilio na lugha yake. Wakaguzi walikaa sekunde chache tu, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza wengine wanasemaje juu ya wenye tovuti hiyo. Wakafika kwenye jibu sahihi upesi kuliko wote. Ndivyo tufanyavyo kijijini: mgeni akija, hatumpimi kwa suti yake, tunawauliza wanaomfahamu.

Hatua ya tatu ni kupanda na mto hadi kwenye chemchemi. Chukua Azimio la Musoma kuhusu elimu. Kurasa nyingi hulitaja kwa sentensi moja, na mwanachuo mwenye haraka huandika kwamba elimu ya msingi kwa wote ilipatikana mwaka 1974. Akirudi nyuma hadi maamuzi yenyewe ya chama cha TANU, ataona kwamba Novemba 1974 ni mwezi wa kikao cha Musoma, na lengo lilikuwa kulifikia jambo hilo Novemba 1977, badala ya 1989 iliyokuwa imepangwa awali. Kupanga na kutimiza ni mambo mawili. Kipimo hiki cha kurudi kwenye chanzo ndicho kinachofaa hata kwa akili mnemba, ambayo yaweza kutunga rejea yenye mwandishi, mwaka na jarida, na makala yenyewe isiwepo popote.

Hatua ya nne ndiyo aliyoikosa mwanachuo wetu: kuuliza namba inahesabu nini. Jina lilikuwa lilelile, eneo halikuwa lilelile.

Sasa, haya yote hayaingii kichwani kwa ziara ya saa moja maktabani wiki ya kwanza ya muhula. Mwaka uleule wa Azimio la Musoma, 1974, Mmarekani Paul Zurkowski aliupa ujuzi huu jina, na aliueleza kwa kumtazama mtu anayetumia taarifa kutatua matatizo ya kazi yake. Nasi tuufunge kwenye kazi. Mwalimu mtarajiwa wa Chuo cha Ualimu Bunda aanze na wanafunzi wa shule anayofanyia mazoezi. Mwanachuo wa afya Musoma aanze na kichocho cha kandokando ya ziwa. Wa chuo kikuu cha kilimo pale Butiama aanze na muhogo wa jirani.

Mkufunzi na mkutubi waandae swali pamoja, na kila mwanachuo awe na daftari la utafutaji: nilitumia maneno gani, nilipata nini, niliacha nini na kwa nini, chanzo cha kwanza ni kipi. Daftari hilo lipewe alama zake, mbali na zile za ripoti. Kisipopewa alama, hakitafanywa.

Mwanachuo wetu akilijaza kwa uaminifu, sentensi yake ya kwanza, "Idadi ya watu Musoma Vijijini ilishuka," ataifuta mwenyewe. Mahali pake ataandika: "Eneo lililokuwa Musoma Vijijini mwaka 2002 liligawanywa, na kufikia sensa ya 2012 sehemu zake mbili, Musoma Vijijini na Butiama, zilikuwa na jumla ya watu 420,088." Ni ndefu kidogo, lakini diwani wa Butiama anaweza kuitegemea anapoombea kata yake madarasa.