Nadharia Tamu, Ushahidi Zii

Kuna mtu huchagua nadharia vile wengine huchagua viatu: vikimpendeza macho, analipa. Sabine Hossenfelder, mwanafizikia Mjerumani, anasema fani yake imejaa watu hao, na katika Lost in Math (2018) anawafuata mmoja mmoja kuwauliza kulikoni.

Chukua supasimetri. Inadai kila chembe tunayoijua ina pacha ambaye bado hajaonekana. Hesabu zake zinapendeza ajabu, ndiyo maana wengi walitarajia mapacha hao wajitokeze kwenye mashine ya CERN, ile pete ya kilomita 27 chini ya ardhi karibu na Geneva. Mwaka 2012 ikapatikana chembe ya Higgs. Mapacha? Zii, hadi leo.

Kisa cha Desemba 2015 kilinichekesha. Kinundu kidogo kilionekana kwenye data, na katika miezi michache wanafizikia wakaandika makala zaidi ya 500 kukieleza. Agosti 2016 data zaidi ikaja, kinundu kikayeyuka. Jamani, makala 500 kuhusu kitu ambacho hakikuwepo! Kicheko kiliisha nilipowafikiria vijana wanaotoa miaka yao ya uzamifu kwa mambo kama haya.

Mahojiano ndiyo raha ya kitabu. Steven Weinberg, mshindi wa Nobel, analinganisha jicho la mwanafizikia na la mkufunzi wa farasi: ukishaona farasi wengi, unamjua mzuri kwa kumtazama tu. Sawa mzee, lakini mkufunzi huona matokeo ya mbio. Farasi wake akishindwa, jicho linajifunza. Anayejaribu kuunganisha graviti na kwanta hana mbio za kutazama. Umbali unaohusika ni mdogo mno, hakuna mashine yetu inayoufikia.

Hapo ndipo ninapozozana na Hossenfelder. Anatenganisha vizuri tatizo la kweli na kero ya macho: graviti ya Einstein na fizikia ya kwanta zinagongana kihesabu, hilo ni tatizo, Higgs kuwa nyepesi kuliko walivyopenda wataalamu ni kero tu. Nakubali. Lakini nadharia ya nyuzi na ile ya vitanzi zote zinalivamia tatizo hilo la kweli, na hakuna jaribio lililoweza kuziamua. Ukimnyima mtu urembo, basi mpe kitu kingine cha kuchagulia. Kurasa za mwisho zinatuonya tujihadhari na mapendeleo yetu, sawa. Nilizirudia mara mbili nikitafuta zaidi ya hapo.