Madoadoa na Upatanisho: Sarufi ya Mgawanyiko katika Vyombo vya Habari

Wengi walioandika juu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya wamevilaumu vyombo vya habari kwa jumla, kana kwamba redio na gazeti ni kitu kimoja chenye dhambi moja. Lawama ya namna hiyo haimfai mtaalamu wa lugha. Linalomhusu yeye ni lile lililotendeka ndani ya sentensi.

Neno madoadoa, lililosikika katika siasa za Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990, ni mfano ulio wazi. Kwa asili halina kosa. Chui ana madoadoa, na kitambaa pia. Wahakiki wameridhika kuliita istiara ya uchafu na kuishia hapo, ilhali uzito wake umo katika sarufi. Kiswahili kina desturi ya kumpa kiumbe hai upatanisho wa A-WA hata jina lake likiwa na umbo la ngeli nyingine: kipofu amefika, majambazi wamekamatwa. Hata mende, mdudu ambaye jina lake limetumiwa kuwatukania watu, hukimbia kwa kiambishi a-. Basi asemaye madoadoa yaondolewe amewanyima jirani zake heshima ambayo lugha haimnyimi mende. Kwekwe ni vivyo hivyo. Tena kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Kila msikilizaji aweza kujitia mwenyewe katika nafasi iliyoachwa wazi, na msemaji akiulizwa hudai kwamba alikuwa akizungumzia kura tu.

Mwandishi wa gazeti anaponukuu neno kama hilo hulizungushia alama za nukuu, akajiona amejitenga nalo. Kinga hiyo ni hafifu, lakini ipo. Redioni haipo kabisa, kwa kuwa sauti haina alama za nukuu. Mpigaji simu husema, mtangazaji hucheka au huguna, na mguno huo huwa ndio uhariri wote. Tangu Kameme FM ilipoanza kutangaza mwaka 2000, vituo vya lugha za kienyeji viliongezeka haraka, na vipindi vya simu vikapendwa mno. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo katika ripoti yake ya Oktoba 2008 ilihesabu vifo 1,133, ilisikia mashahidi wakivitaja baadhi ya vituo hivyo kuwa vilichochea chuki. Hata hivyo, kesi ya mtangazaji Joshua arap Sang huko The Hague ilikomeshwa tarehe 5 Aprili 2016 bila ya hatia kuthibitishwa. Nayo amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2007, iliyozuia matangazo ya moja kwa moja, iligusa mitambo tu, haikugusa lugha.

Januari 2022 madoadoa yalitamkwa tena katika mkutano wa siasa mjini Eldoret. Miezi michache baadaye, Aprili, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Nia ilikuwa njema. Mbinu ni dhaifu. Orodha hiyo iliweka hatupangwingwi, kibwagizo cha majigambo ya kampeni, pamoja na madoadoa na kwekwe, kana kwamba kukataa kupangiwa mambo na kumvua mtu utu ni kosa la aina moja. Zaidi ya hayo, neno likipigwa marufuku msemaji hutafuta jingine, na muundo wa sentensi hubaki ule ule.

Uchunguzi wa kweli haujafika mbali. Kikalenjin, kwa kuwa si lugha ya Kibantu, hakina ngeli za namna hii. Kwa hiyo utu hauondolewi humo kwa njia ya upatanisho, bali kwa njia nyingine ambayo msomaji wa tafsiri hawezi kuiona. Na ni tafsiri, aghalabu, ndizo zilizowekwa mbele ya majaji.