Mkarafuu na Ardhi Yake: Hadithi Mbili za Mashamba Zisomwapo Pemba

Katika shamba moja la karafuu kisiwani Pemba huweza kuwamo wenye haki wanne wala pasiwe na ugomvi baina yao. Ardhi ni ya ukoo mmoja. Mikarafuu iliyosimama juu yake aliipanda mtu wa ukoo mwingine, na sasa ni ya wajukuu wake. Mihogo iliyo katikati ya miti ni ya jirani aliyeomba mahali pa kulima akapewa kwa neno la mdomo. Na mpeta, yaani karafuu zilizoanguka zenyewe chini ya mti, wameachiwa watoto waokote. Msimu ukikaribia huongezeka mtu wa tano, naye ni yule aliyeikodi mikarafuu kwa mavuno ya mara moja tu, akatoa fedha zake kabla karafuu hazijawa tayari kuchumwa. Kila mmoja katika hao akiulizwa kama pale pana kitu chake, atasema kipo, na hatakuwa amesema uwongo.

Jambo hili si siri. John Middleton alilieleza kwa urefu mwaka 1961 katika kitabu chake juu ya umilikaji wa ardhi Unguja na Pemba, na kabla yake makadhi na wakuu wa wilaya walilijua kwa mashauri yaliyoletwa mbele yao. Sheria na mila za Visiwani hazikuona ajabu mti kuwa wa mtu huyu na ardhi ya yule. Walakini hadithi za Kiswahili zilizotungwa juu ya mashamba hayo zimelipita kando, na kwa kulipita zimeyafanya mabishano ya siasa juu ya mali kuonekana mepesi kuliko yalivyokuwa kwa watu walioishi ndani yake. Mbili zilizo bora katika hizo ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Zote mbili zina sifa ambayo hapana mhakiki wa haki atakayezinyima. Na zote mbili, ajabu iliyoje, zimempa tajiri wa mashamba jina lile lile la Fuad.

Kasri ya Mwinyi Fuad ni hadithi ya shamba kubwa lenye bwana mmoja. Ndani ya kasri mna raha na uvivu. Nje mna watu wanaolima, wanaochuma, wanaoanika, wala hawana hata kipande cha ardhi wawezacho kusema ni chao. Ustadi mkubwa wa mtungaji umo katika kumwumba Kijakazi, mtumishi aliyetumika umri wake wote chini ya watu wa kasri hiyo, na ambaye moyo wake umefungamana na bwana wake hata haiwezi kumjia fikira ya dunia isiyo na mabwana. Mwandishi dhaifu angalimfanya Kijakazi mtu wa kuhurumiwa tu, au mpumbavu wa kuchekwa. Shafi amemfanya mtu mwenye heshima yake, anayeipenda kazi aifanyayo, na hapo ndipo dhuluma inapozidi kuonekana: bwana amemiliki ardhi na miti, kisha akamiliki hata mapenzi ya mtu anayemdhulumu. Hadithi hii ilipofasiriwa kwa Kifaransa mwaka 1986 ilipewa jina lenye maana ya mikarafuu ya Zanzibar, na wasomaji wa mbali wakaipokea kuwa ni habari ya Visiwa vyote.

Hapo ndipo pana neno la kusemwa. Shamba la Mwinyi Fuad ni la Unguja, na historia yake ni ya Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko mwenzake. Ila wingi huo haukutoka katika mashamba makubwa ya mabwana wachache. Vilima na mabonde ya kisiwa hicho yaligawanyika vipande vidogo vidogo. Mwarabu na Mpemba walikaa kijiji kimoja, wakaoana, wakarithiana. Na ilikuwapo desturi ya mwenye ardhi kumwachia mtu asiye na kitu apande mikarafuu na kuilea, na ikianza kuzaa wagawane. Hivyo mtu aliyeanza akiwa mikono mitupu huenda akafa akiwa na mikarafuu ishirini, akaacha watoto wanaojihesabu kuwa ni wenye mali. Si utajiri mkubwa, lakini ni chake.

Basi yalipopamba moto mashindano ya vyama baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, neno "ardhi" halikuwa na maana moja katika visiwa viwili. Unguja palikuwa na maskwota, watu waliolima mihogo na mtama chini ya mikarafuu na minazi ya wengine, na wengi wao walifukuzwa mashambani kwa sababu walifuata Afro-Shirazi ilhali mabwana zao walikuwa wa Hizbu. Mtu aliyeng'olewa mihogo yake kwa sababu ya kura yake hakuhitaji mwalimu wa kumfundisha ubaya wa mali ya mtu mmoja. Pemba ugomvi wa namna hiyo haukuwa na nguvu hiyo. Huko kilizaliwa mwaka 1959 chama cha ZPPP chini ya Mohamed Shamte, na katika uchaguzi wa Julai 1963 Hizbu na ZPPP walipata viti vingi vya Pemba, ikawa Afro-Shirazi, pamoja na kupata zaidi ya nusu ya kura za Visiwa vyote, walibaki na viti 13 katika 31. Sababu zilikuwa nyingi, na ukabila na dini zimo. Lakini mojawapo, ambayo husahauliwa, ni kwamba mwenye mikarafuu ishirini aliposikia kuwa mashamba yatakuwa ya umma hakujua kama yeye ni katika umma huo au ni katika watakaonyang'anywa.

Kasri ya Mwinyi Fuad haina mtu wa namna hii. Ina bwana na ina watumishi, na katika watumishi kuna walioamka na kuna ambao bado hawajaamka. Anayeogopa mabadiliko ndani ya hadithi hiyo ama ni adui ama ni kipofu atakayefunguliwa macho. Mkulima mdogo wa Pemba si huyu wala si yule. Hofu yake ilikuwa na hesabu ndani yake, tena hesabu iliyofanywa na mtu anayejua kila mti wake kwa jina la aliyeupanda. Mtungaji hakulazimika kumwandika, kwa kuwa kila hadithi ina mpaka wake. Kosa ni la wasomaji na walimu walioifanya hadithi ya shamba moja kuwa kioo cha mashamba yote.

Tena hadithi hiyo huona kuwa shamba likishatoka mikononi mwa bwana likaingia mikononi mwa waliolitumikia, jambo la mali limekwisha. Yaliyotokea baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 hayakwisha hivyo. Serikali ilitwaa ardhi mwaka huo huo, na kuanzia mwaka 1965 ikaanza kugawa eka tatu tatu, hata familia zaidi ya 20,000 zikapata. Hili lilikuwa tendo kubwa, na aliyefukuzwa mashambani miaka michache nyuma alilipokea kama mvua baada ya ukame. Lakini mwenye eka tatu hakupewa ruhusa ya kuuza wala kugawa apendavyo. Alikuwa mtumiaji, mwenye mali akiwa serikali. Na kwa Mpemba aliyeachiwa mikarafuu yake ya urithi lilibaki swali jingine gumu zaidi, nalo ni la karafuu yenyewe baada ya kuanikwa.

Hapa ndipo mambo yalipo mazito, na hapa ndipo fasihi iliponyamaza mno. Tangu mwaka 1968 Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar lilikuwa mnunuzi pekee. Mti ukabaki wa mtu, kazi ikabaki ya mtu, ukoo mzima ukahamia shambani wakati wa msimu, wanaume juu ya matawi, wanawake na wazee usiku wakichambua karafuu kutoka katika makonyo. Lakini karafuu ikishakauka juu ya jamvi haikuwa na njia ila moja, na bei ilipangwa na mnunuzi. Katika miaka ya sabini bei ya dunia ilipokuwa juu, alichopewa mkulima kilikuwa sehemu ndogo yake. Wenye kuitetea siasa hii walikuwa na hoja isiyodharaulika: karafuu ndiyo iliyokuwa fedha ya kigeni ya nchi, na kutokana nayo elimu na matibabu yalitolewa bila malipo, na nyumba za Michenzani zikajengwa, kama kila mtu angaliuza kwake na kula kwake, asiye na mkarafuu angalipata nini? Wenye kuipinga nao walijibu kwa hoja ya pishi: kilichotwaliwa kwao kilionekana Unguja kuliko kilivyoonekana Pemba.

Kati ya hoja hizi mbili palizaliwa magendo. Mtu aliyechukua karafuu za mti wa babu yake akazipakia chomboni usiku kuelekea pwani ya Kenya alihesabiwa na serikali kuwa mwizi wa mali ya umma, na adhabu yake ilikuwa kali kabisa. Kijijini kwake hakuitwa mwizi. Mwizi ni anayechuma mti usio wake. Maana mbili za neno moja la Kiswahili zilikaa nyumba jirani, na baina yake pakawa na askari, na wazazi wenye hofu, na watoto waliofundishwa skuli kwamba karafuu ni ya taifa na wakasikia nyumbani kwamba ni ya mama. Mtungaji wa hadithi atake nini zaidi ya hayo?

Nyota ya Rehema, ijapokuwa imetangulia kwa miaka miwili, imelikaribia jambo hili kuliko mwenzake. Rehema, binti aliyetupwa na nyumba ya baba yake tajiri, anafika Ramwe pamoja na Sulubu, mkulima maskini, na kwa mikono yao wanaigeuza ardhi iliyodharauliwa kuwa mahali pa kuishi. Ikishakuwa na thamani wanatokea wa kuidai, na madai hayo yanaishia kwa damu. Kurasa za kazi ya shambani ni katika kurasa nzuri kabisa za Kiswahili cha karne iliyopita. Mtungaji anaijua jembe na anaujua mgongo wa anayeishika, na kijiji chake kina harufu ya udongo.

Wahakiki wengi wameisoma sehemu hiyo kuwa ni ushindani wa jasho na karatasi, na wamesimama upande wa jasho. Ni kweli, walakini si kweli yote. Jasho peke yake lingekuwa sheria, ni wanawake wangapi wa Pemba wangalipoteza mikarafuu waliyorithi, kwa kuwa wao hawaipandi na huwapa wengine kuichuma? Jambo lililo zito katika kitabu hiki ni kwamba ndani ya nyumba moja mna haki mbili. Sulubu anadai kwa kazi. Rehema anaweza kudai kwa damu, maana ni binti wa Fuad. Na Karim anayekuja kuwaondoa hasimami kwa nafsi yake, bali kwa mkewe Salma, ambaye naye ni binti wa Fuad. Mabinti wawili wa baba mmoja wamekutana shambani kupitia kwa waume zao, na wao wenyewe hawakusikizwa vya kutosha. Lau mtungaji angalikaa zaidi juu ya hilo, angalitoa hadithi isiyoweza kuwekwa chini ya bendera ya chama chochote, kwa sababu wapo waliosema mali ni ya anayeifanyia kazi, na wapo waliosema ni ya anayeirithi, lakini Rehema angalikuwa na haki kwa maneno ya pande zote mbili na bado angalifukuzwa.

Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 ilitamka kuwa ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma chini ya Rais. Mikarafuu ya Pemba haikuacha kurithiwa kwa hilo. Mzee akifa, jamaa hukaa wakahesabu mti kwa mti, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, na miti isiyogawanyika sawa huzuliwa mashauri hata jioni. Wakati huo wote wamekaa juu ya ardhi ambayo kwa sheria si yao, kivulini mwa miti ambayo ni yao, na pembeni watoto wanaokota mpeta.