Interleukini-5: protini iliyopimwa kwa mizani isiyo yake

Eosinofili ni seli nyeupe ya damu yenye chembechembe zinazoshika rangi nyekundu ya eosini, na ndiyo rangi iliyoipatia jina Paul Ehrlich alipoieleza mwaka 1879. Kwa mtu mwenye afya seli hizi ni chache. Katika aina moja ya pumu, hata hivyo, hujazana kwenye kuta za njia za hewa kiasi kwamba makohozi yakipakwa rangi na kutazamwa kwa darubini huonekana yametapakaa vidoa vyekundu. Hazifiki huko kwa bahati. Huitwa na kuamshwa na protini zinazomwagwa na seli nyingine.

Mwito huanzia kwenye utando wa ndani wa njia ya hewa. Seli za utando huo zikiguswa na utitiri wa vumbi, kuvu, virusi au moshi, hutoa protini za tahadhari, zikiwemo TSLP, interleukini-25 na interleukini-33. Hii ya mwisho hukaa ndani ya kiini cha seli na kutoka pale seli inapoumia, kwa hiyo kuonekana kwake nje ya seli ni ishara kwamba kuna kilichovunjika. Protini hizo hunasa kwenye vipokezi vya seli za kinga zilizo jirani, hasa seli T saidizi za aina ya 2 na jamaa zake wa asili wasiohitaji kufundishwa kumtambua adui. Seli hizo nazo hujibu kwa protini zao. Interleukini-4 huzisukuma seli B kutengeneza kingamwili za mzio, yaani IgE. Interleukini-13 huzidisha ute na kuifanya misuli ya njia ya hewa iwe nyepesi kubana. Interleukini-5 husafiri na damu hadi kwenye uboho wa mifupa.

Huko ndiko kazi yake kubwa ilipo. Kipokezi chake kina sehemu mbili: moja huitambua interleukini-5 peke yake, nyingine hupeleka ujumbe ndani ya seli. Zikishaungana, eosinofili changa hukomaa haraka na kuingia kwenye damu kwa wingi. Zilizokomaa nazo huongezewa umri: zikiwekwa kwenye sahani ya maabara bila protini hiyo hufa baada ya siku chache, zikipewa huendelea kuishi. Kinachoziongoza hadi mapafuni ni protini nyingine, eotaksini, iliyotambuliwa mwaka 1994 katika majimaji yaliyooshewa mapafu ya simbilisi wenye mzio. Zikifika, hufungua chembechembe zao na kumwaga sumu ambayo mwili umeiweka kwa ajili ya minyoo. Pasipo na mnyoo, sumu hiyo huchubua utando, na utando uliochubuka hutoa protini nyingine za tahadhari. Uvimbe hujilisha wenyewe.

Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba panya walionyimwa jeni ya interleukini-5 hawakujaza eosinofili mapafuni, wala njia zao za hewa hazikubana kupita kiasi baada ya kuchokozwa kwa kizio, yaani kitu kinacholeta mzio. Hoja ikaonekana imefungwa: izuie protini, pumu itatulia. Dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mepolizumabu, ni kingamwili inayoikamata interleukini-5 kabla haijafika kwenye kipokezi chake.

Majaribio ya kwanza yalivunja moyo. Mwaka 2000 wagonjwa 24 wenye pumu nyepesi walipewa dozi moja kisha wakavutishwa kizio. Eosinofili zilipungua katika damu na makohozi, lakini njia za hewa ziliendelea kubana vilevile. Jaribio la wagonjwa 362, lililochapishwa mwaka 2007, halikuonyesha nafuu ya maana katika dalili wala katika nguvu ya pumzi. Wengi walihitimisha kwamba eosinofili ni mtazamaji tu, amekutwa kwenye eneo la tukio bila kosa.

Hitimisho hilo lilikuwa la haraka mno. Uchunguzi wa mwaka 2003, uliochukua vipande vya utando wa wagonjwa wenyewe, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba dawa iliyofuta karibu eosinofili zote kwenye damu ilipunguza zile za njia ya hewa kwa takriban asilimia 55 tu. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mizani. Wagonjwa walichaguliwa kwa dalili, hakuna aliyeuliza kama walikuwa na eosinofili za kuzuiwa. Tena kilichopimwa ni pumzi ya kila siku, ambayo hutegemea zaidi misuli na kemikali kama histamini na leukotrini. Kubanwa kukali, kule kunakompeleka mgonjwa hospitali usiku, ni jambo lingine.

Dalili ya hilo ilitoka Leicester, Uingereza, mwaka 2002. Wagonjwa 74 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilitibiwa kwa mwongozo wa kawaida, jingine dawa zake ziliongezwa au kupunguzwa kufuata hesabu ya eosinofili katika makohozi. Katika miezi 12 kundi la kwanza lilibanwa vikali mara 109, la pili mara 35.

Kipimo chenyewe kinahitaji mkono wa fundi. Mgonjwa huvuta mvuke wa maji ya chumvi kisha hukohoa. Fundi huchagua mabonge mazito na kuyatenga na mate, huyalegeza kwa kemikali inayokata vifungo vya ute, huyachuja, huyazungusha kwenye mashine, hupaka rangi na kuhesabu seli moja moja. Eosinofili zikifika asilimia 3, jibu ni kwamba zimezidi. Kundi la Freddy Hargreave huko Hamilton, Kanada, lilifanya kazi ya miaka mingi kuingiza hesabu hiyo kliniki.

Mwaka 2009 Leicester na Hamilton walijaribu mepolizumabu upya, safari hii kwa watu ambao makohozi yao yalikuwa na eosinofili licha ya steroidi nyingi. Leicester, kwa wagonjwa 61, wastani wa kubanwa kukali ulikuwa mara 2.0 kwa mwaka kwa waliopewa dawa, dhidi ya 3.4 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Hamilton walikuwa na wagonjwa 20 tu: waliopewa sindano isiyo na dawa walibanwa mara 12, na katika waliopewa mepolizumabu ni mmoja tu aliyebanwa, huku wengi wakipunguza prednisoni, steroidi ya vidonge. Dawa ni ileile, protini ni ileile. Jaribio la watu 621 lilithibitisha jambo hilo mwaka 2012, na Marekani ikaidhinisha dawa mwaka 2015.

Baadaye hesabu ya damu ilichukua nafasi ya makohozi kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Urahisi huo una mtego wake palipo na kichocho na minyoo ya tumbo, kwa sababu hapo eosinofili nyingi kwenye damu huenda hazihusiani kabisa na mapafu. Maelekezo ya dawa yenyewe yanataka mgonjwa mwenye minyoo atibiwe minyoo kwanza, kabla ya sindano ya kwanza ya mepolizumabu.